Nani Anaandika Orodha ya Majina? Vyombo vya Dola katika Nchi za Kikomunisti

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zetu, masheha wetu mliofika, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama mlangoni, nakushukuruni sana.

Vijana wa hapa Kikwajuni waliniomba nije niwaeleze serikali ya China inavyofanya kazi. Walisema maskani kwao jambo hili haliishi kubishaniwa. Mmoja anashikilia kwamba kule ni amri ya mtu mmoja tu: akitamka asubuhi, jioni barabara imekwisha. Mwengine anasema kule hakuna bunge, na kama lipo ni la kupiga makofi. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenifanya nikubali kuja, anasema laiti na sisi tungekuwa na mfumo kama ule, tungekuwa mbali. Huyu wa tatu namheshimu kwa sababu ana uchungu na nchi yake. Lakini mtu akitamani kitu, kwanza akijue kilivyo.

Nimeomba ruhusa nisiishie China. Nitagusa Umoja wa Kisovieti uliovunjika 1991, Ujerumani Mashariki iliyotoweka 1990, na pia Vietnam na Cuba ambazo bado zipo, kwa sababu vyombo vyao vilipangwa kwa fikra moja. Na kwetu sisi wa Unguja na Pemba hili si somo la watu wa mbali. Majumba ya ghorofa ya hapa Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Hospitali ya Mnazi Mmoja miaka ile ikiitwa V. I. Lenin. Uwanja wa mpira hapo jirani una jina la Mao Zedong. Madaktari wa Kichina wanakuja visiwani tangu miaka ya 1960, na leo ukienda Mkoani, Hospitali ya Abdulla Mzee, utawakuta. Tumeishi na watu hawa zaidi ya nusu karne, wametutibu, tumekaa kwenye nyumba walizotujengea. Lakini ukituuliza nchi zao zinatawaliwaje, wengi tunajibu kwa neno moja: chama.

Jibu hilo si uongo. Ni fupi mno, na ufupi wake ndio unaozaa ule ubishi wa maskani.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulipita. Skulini tumefundishwa mihimili mitatu ya dola, Serikali, Bunge na Mahakama, kila mmoja umchunge mwenzake. Mwanafunzi wa sekondari hapa analijua hilo kwa ghibu. Dola ya kikomunisti haikujengwa juu ya fikra hiyo, wala haidai kuwa nayo. Lenin na wenzake walipotwaa madaraka Urusi mwaka 1917, walisema mamlaka yote yawe ya mabaraza ya wafanyakazi, askari na wakulima, yale yaliyoitwa sovieti. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa: ikiwa mamlaka ni ya umma, na umma ni mmoja, kwa nini mamlaka hayo yakatwe vipande vitatu vigombane? Baraza la wananchi litunge sheria, liteue wa kuzitekeleza, na liwasimamie. Waamuzi wa mahakama nao wateuliwe na baraza hilo hilo.

Kwa hiyo ukifungua Katiba ya China ya leo, ile ya 1982 na marekebisho yake, utakuta chombo cha juu kabisa cha dola ni Bunge la Umma, lenye wajumbe wanaokaribia 3,000. Bunge hilo ndilo linalomchagua Rais wa nchi, linalomthibitisha Waziri Mkuu na mawaziri wake, linalomchagua Mwenyekiti wa Tume Kuu ya Kijeshi, Rais wa Mahakama Kuu ya Umma, Mwendesha Mashtaka Mkuu, na tangu 2018 mkuu wa Tume ya Taifa ya Usimamizi inayoshughulikia rushwa. Wote hao linaweza kuwaondoa. Mahakama Kuu inakwenda mbele ya Bunge kila Machi na ripoti ya kazi zake, na wajumbe wanaipigia kura. Hakuna jaji China awezaye kusema sheria ya Bunge ni batili kwa kuwa imekwenda kinyume na Katiba. Kuifasiri Katiba ni kazi ya Kamati ya Kudumu ya Bunge lenyewe.

Kwa maandishi, basi, Bunge lile lina nguvu kuliko bunge la Uingereza au la Marekani. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu anayesema "kule hakuna bunge" ameshakosea mlangoni.

Sasa jiulizeni: watu 3,000 wanafanyaje kazi? Hawafanyi. Bunge hukutana Beijing mara moja kwa mwaka, mwezi wa Machi, kwa muda wa wiki moja hivi, wakati mwengine mbili. Wakiondoka, kazi inabaki kwa Kamati ya Kudumu yenye watu kama 170, nayo hukutana kila baada ya miezi miwili au karibu yake. Umoja wa Kisovieti ulikuwa hivyo hivyo. Sovieti Kuu, yaani bunge lao, kwa Katiba ya 1977 ilikuwa na wajumbe 1,500 katika mabaraza mawili, moja la Muungano na moja la Mataifa, ikikaa siku chache tu mara mbili kwa mwaka. Katikati ya vikao, kundi dogo liitwalo Presidiamu lilitoa amri zenye nguvu ya sheria, halafu Sovieti Kuu ikikaa inazithibitisha kwa mikono iliyonyoshwa yote.

Ndani ya chama mambo ni yale yale. Mkutano Mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha China hufanyika kila miaka mitano, na ule wa 2022 ulikuwa na wajumbe zaidi ya 2,000. Mkutano huo unachagua Kamati Kuu, ambayo kwa ukubwa inalingana zaidi na ile tunayoiita hapa Halmashauri Kuu: watu 205 wenye kura. Kamati Kuu inachagua Ofisi ya Siasa, mwaka huo wa 2022 watu 24. Ndani ya hao kuna Kamati ya Kudumu ya Ofisi ya Siasa. Watu saba. Kila chombo kikubwa kina kidogo ndani yake, na kidogo ndicho kinachofanya kazi na kuandaa ajenda ya kile kikubwa. Wenyewe wanaiita demokrasia ya pamoja yenye uongozi wa katikati: mnajadili kabla ya uamuzi, uamuzi ukishatoka wachache wanawatii wengi na wa chini anamtii wa juu.

Hapa ndipo chama na dola vinapokutana, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mwenye jahazi hashiki usukani. Usukani anao nahodha, naye ndiye anayejua mwamba uko wapi na tanga linashushwa saa ngapi. Lakini nani awe nahodha, chombo kichukue mzigo gani kiende bandari ipi, na nahodha abaki au ashuke, hayo ni ya mwenye jahazi. Katika nchi hizi serikali ndiyo nahodha. Chama hakiandiki hati za mashamba, hakikusanyi kodi, hakiendeshi hospitali. Chama kinatoa mwelekeo na kuchagua watu.

Na kuchagua watu huko si jambo la kunong'onezana tu. Lina utaratibu wa maandishi. Katika Umoja wa Kisovieti kila kamati ya chama, kuanzia wilaya hadi Moscow, ilikuwa na orodha mbili: orodha ya nafasi za kazi zisizojazwa bila idhini yake, na orodha ya watu wanaofaa kuzijaza. Warusi waliiita nomenklatura. Mkurugenzi wa kiwanda, mhariri wa gazeti, mkuu wa chuo, jaji, balozi, mwenyekiti wa shamba la ushirika, wote walikuwa ndani ya orodha ya kamati fulani. China wamerithi utaratibu huo na kuunyoosha zaidi. Kazi hiyo iko chini ya Idara ya Oganaizesheni ya Kamati Kuu, yenye matawi yake kila mkoa na kila wilaya. Idara hiyo ina faili la kila kada: alisoma wapi, aliongoza nini, uchumi wa alikopita ulipanda au ulishuka, wenzake wanamsemaje.

Tazameni njia aliyopita Xi Jinping. Alikuwa katibu wa chama wa kijiji cha Liangjiahe alipokuwa kijana. Mwaka 1982 akapelekwa wilaya ya Zhengding, mkoa wa Hebei, kuwa naibu katibu wa chama. Akaenda Fujian 1985, akakaa huko miaka 17 na kufikia kuwa gavana. Kisha Zhejiang 2002, kisha Shanghai 2007, ndipo akaingizwa miongoni mwa wakubwa wa Beijing. Yeye ni mtoto wa mkubwa, hilo halifichwi, na lilimsaidia. Lakini hata mtoto wa mkubwa alipitishwa ngazi. Hii ndiyo sehemu ya mfumo wao ninayoiona ina maana kubwa: mtu hapewi mkoa kabla hajaonekana na wilaya, na anahamishwa mkoa hadi mkoa asije akaota mizizi mahali pamoja. Wana vyuo vya chama vya kuwanoa watu hao. Hata Chuo cha Uongozi cha Mwalimu Julius Nyerere kule Kibaha, kilichofunguliwa 2022 kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, chama cha China kina mkono wake katika ujenzi wake.

Kwa hivyo yule kijana wa kwanza wa maskani, anayesema ni amri ya mtu mmoja, nampinga. Mtu mmoja hawezi kuamrisha nchi ya watu bilioni 1.4. Barabara inayokwisha haraka inakwisha kwa sababu katibu wa chama wa wilaya, meya, meneja wa benki ya serikali na mkurugenzi wa kampuni ya ujenzi wote wako ndani ya orodha za kamati za chama kimoja, na kila mmoja anajua kwamba faili lake litasomwa mwakani.

Utaona pia kwa nini vyeo vya nchi hizi vinatatiza wageni. Deng Xiaoping ndiye aliyeigeuza China baada ya 1978, na katika miaka yote hiyo hakuwa Rais, hakuwa Waziri Mkuu, wala hakuwa Katibu Mkuu wa chama. Aliongoza Tume Kuu ya Kijeshi, hadi Novemba 1989, na makada waliomsikiliza walijaa kila ngazi. Ngazi za chini ni vivyo hivyo: mkoani kuna gavana na kuna katibu wa chama, na mkubwa wao ni katibu.

Nisiwachoshe na mambo ya idara za mikoa. Yatosha mjue kwamba ofisa wa elimu wa wilaya ana wakubwa wawili, baraza la wilaya yake na wizara iliyo juu yake, na wote wawili wanapotofautiana ni kamati ya chama ya pale inayoamua. Na dola ya namna hii ikiamua kujipanga upya haisubiri: Vietnam mwaka 2025 ilipunguza mikoa yake kutoka 63 hadi 34 na kuifuta ngazi nzima ya wilaya kuanzia 1 Julai, ndani ya miezi michache.

Je, mabunge haya hukataa kitu? Mara chache mno, na kwa sababu ni chache zinafaa kukumbukwa. Mwaka 1992 Serikali ya China ilipeleka bungeni mradi wa bwawa la Magenge Matatu katika mto Yangtze, bwawa ambalo lingewahamisha watu zaidi ya milioni moja. Waliokubali walikuwa 1,767. Waliokataa 177, na 664 hawakuunga mkono upande wowote. Mradi ulipita, lakini karibu theluthi ya ukumbi ilikuwa imekataa kuweka mkono wake. Mwaka 2001 bunge la mji wa Shenyang liliikataa ripoti ya kazi ya mahakama yake, baada ya kashfa kubwa ya rushwa mjini hapo. Vietnam 2010, Bunge lilikataa mradi wa serikali wa reli ya mwendo kasi wa dola za Marekani bilioni 56. Serikali ilirudi nao miaka 14 baadaye, ukapita.

Na Ujerumani Mashariki, nchi iliyojulikana kwa kura za asilimia 99, bunge lao, Volkskammer, lilipiga kura zake zote kwa kauli moja hadi mwaka 1972 ulipokuja mswada wa kuruhusu utoaji mimba. Siku hiyo wajumbe 14 walikataa na wanane wakajizuia. Wengi wao walitoka chama cha Wakristo, maana kule kulikuwa na vyama vidogo kadhaa, vyote chini ya orodha moja ya Muungano wa Kitaifa. Waliachwa wafuate dhamiri zao. Ilikuwa mara ya kwanza, na haikurudiwa mpaka nchi yenyewe ilipoanza kubomoka 1989.

Kuna ushahidi mwengine kwamba viti hivi vina thamani, nao si wa kujivunia. Mwaka 2016 wajumbe 45 wa Bunge la Umma kutoka mkoa wa Liaoning walivuliwa ujumbe kwa sababu walinunua kura. Hawakupigiwa kura na wananchi mtaani, kwa kuwa wananchi China huchagua moja kwa moja mabaraza ya kata na wilaya tu, na kila baraza huchagua lile la juu yake. Walinunua kura za wajumbe wa bunge la mkoa. Mtu hatoi fedha kununua kitu kisichokuwa na faida.

Cuba wana njia yao, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu inafanana na mikutano yetu ya mitaa. Kwa baraza la manispaa, majirani hukutana jioni mtaani, mtu anasimama anamtaja jirani yake na kueleza kwa nini anafaa, na watu wananyosha mikono. Kila eneo lazima litoe wagombea wasiopungua wawili na wasiozidi wanane. Chama kwa sheria hakiruhusiwi kupendekeza mtu. Mpaka hapo, wallahi, ni utaratibu ambao sheha yeyote hapa angeuelewa na kuupenda. Lakini panda ngazi hadi Bunge la taifa. Huko wagombea wanapangwa na tume za uteuzi zinazoundwa na jumuiya za wafanyakazi, wanawake, wakulima na wanafunzi, pamoja na kamati za mitaa za kuyalinda mapinduzi. Mwaka 2023 viti vilikuwa 470 na wagombea 470. Wote walichaguliwa. Wajumbe wengi hawalipwi mshahara wa ubunge. Daktari anarudi hospitali yake, mwalimu anarudi darasani. Hilo la mwisho nalipenda. Lakini mpiga kura aliyempendekeza jirani yake mtaani hana alichopendekeza kule juu. Kalamu ya orodha imeshahama mikono.

Sasa nizungumzie upungufu mkubwa wa mpango huu, na nitausema kwa kisa cha mtu mmoja.

Liu Shaoqi alikuwa Rais wa China kuanzia 1959. Alichaguliwa na Bunge la Umma, kama Katiba ilivyotaka, na kwa Katiba hiyo ni Bunge pekee lingeweza kumwondoa. Mao Zedong, mwenyekiti wa chama, alipoanzisha Mapinduzi ya Kitamaduni 1966, Liu akawa adui. Walinzi Wekundu, vijana wafuasi wa Mao, walimzingira nyumbani kwake, wakamtukana na kumpiga mbele ya watu. Oktoba 1968 Kamati Kuu ya chama ilimfukuza uanachama na kumvua vyeo vyote, vya ndani ya chama na vya nje ya chama. Alikufa Novemba 1969 akiwa kizuizini, mgonjwa. Bunge lililomchagua lilikuwa wapi? Halikuwapo. Lilikaa Januari 1965 na halikukaa tena mpaka Januari 1975. Miaka kumi chombo cha juu kabisa cha dola hakikuitwa kikao hata kimoja, na hakuna ofisi yoyote nchini iliyokuwa na ubavu wa kuuliza kwa nini.

Urusi mambo yalikwenda kwa adabu zaidi, ila kwa mpangilio ule ule. Oktoba 1964 Khrushchev aliitwa kutoka likizo. Kamati Kuu ikakaa tarehe 14, akaondolewa uongozi wa chama. Siku ya pili ndipo Presidiamu ya Sovieti Kuu, chombo cha dola, ikamwondolea uenyekiti wa Baraza la Mawaziri. Chama leo, dola kesho.

Na wazee mliopo hapa mnakumbuka Januari 1984. Tanzania haikuwa nchi ya kikomunisti, na nisieleweke vibaya. Lakini tulikuwa na chama kimoja, na marekebisho ya Katiba ya 1975 yalikuwa yameshaweka kwamba chama ndicho kishike hatamu. Mzee Aboud Jumbe alikuwa Rais wa Zanzibar. Alipoteza nafasi hiyo Dodoma, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya Chama. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar halikuwa na la kusema.

Kabla ya hapo hali ilikuwa ya namna hii zaidi. Kuanzia 1964 Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria na lilizitekeleza, hakukuwa na mstari baina ya kazi hizo mbili. Ardhi ikawa ya serikali, watu wakapewa eka tatu tatu, skuli na matibabu bila malipo, majumba yakapanda. Mengi mema yalifanyika kwa kasi ile, na mwenye kuyakana hayo hawatendei haki waliofaidika, wakiwemo wazee wangu mwenyewe. Lakini kasi ile ile ndiyo iliyoleta Mahakama za Wananchi, kwa sheria ya 1969, ambako waliohukumu hawakusomea sheria na wakili hakuruhusiwa kuingia. Katiba ya kwanza ya Zanzibar baada ya Mapinduzi ilikuja 1979. Baraza la Wawakilishi lilikaa kwa mara ya kwanza Januari 1980. Miaka 16.

Ndiyo maana namjibu yule kijana wa tatu hivi. Unachokitamani China, kwa kadiri ninavyokuelewa, ni kazi kufanyika, ofisa asiyefaa kuondoka, mpango wa miaka mitano kufuatwa. Hivyo vyote unaweza kuvidai hapa bila kuiga Bunge lao. Ukitaka kuiga kitu, iga ule utaratibu wa kumpima mtu wilayani kabla ya kumpa mkoa. Ila ukiichukua orodha yao, uliza pia nani atamwondoa mwandishi wake. Wachina wenyewe waliliona tatizo hilo. Baada ya yaliyowapata chini ya Mao, Katiba ya 1982 iliweka kwamba Rais asizidi mihula miwili. Machi 2018 Bunge likaifuta kanuni hiyo: kura 2,958 zilikubali, mbili zilikataa, tatu zilijizuia. Mwaka 2023 Xi akachaguliwa muhula wa tatu kwa kura 2,952, hakuna iliyokataa. Na 2024 sheria ya Baraza la Serikali, yaani sheria inayoongoza kazi za Waziri Mkuu na mawaziri wake, ikaandikwa ndani yake kwamba Baraza hilo liko chini ya uongozi wa chama. Nahodha sasa ameandikiwa hivyo hadi kwenye karatasi zake.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Tuingie kwenye maswali.

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili.

Kijana mmoja aliuliza jeshi la China ni la nani. Nilimjibu kwamba tume za kijeshi kwa maandishi ni mbili, ya chama na ya dola, lakini wajumbe wake ni wale wale na mwenyekiti ni yule yule. Jeshi lile lilianzishwa na chama 1927, miaka 22 kabla ya nchi yenyewe kutangazwa, na mpaka leo linakula kiapo cha kukitii chama.

La pili lilitoka kwa mama mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote. "Mwalimu, umesema mahakama iko chini ya bunge, na bunge liko chini ya chama. Basi mimi mnyonge nikionewa na ofisa wa nyumba, kwa nchi hizo nakwenda wapi?"

Nilimwambia: mama, unaandika barua. Ujerumani Mashariki ilifuta mahakama za kushtaki maamuzi ya serikali mwaka 1952, na badala yake mwananchi akapewa haki ya kulalamika kwa maandishi. Sheria ya 1975 iliilazimisha kila ofisi ijibu ndani ya wiki nne. Watu waliandika kwa wingi, kwa baraza la mtaa, kwa magazeti, kwa Honecker mwenyewe, mkuu wa chama na wa nchi: paa linavuja, tunaishi watano chumba kimoja, tumesubiri simu miaka. Barua ziliongezeka karibu na uchaguzi, kwa sababu mtu angeweza kuandika kwamba asipopata nyumba hatokwenda kupiga kura, na ofisa wa mtaa alitakiwa apeleke juu ile asilimia 99. Wengi walisaidiwa kweli. Lakini barua ilirudishwa kushughulikiwa na ofisi zile zile zilizolalamikiwa, na aliyejibiwa "hapana" hakuwa na mlango wa pili. Haki ya kwenda mahakamani dhidi ya baadhi ya maamuzi ya serikali ilianza kutumika 1 Julai 1989, na Novemba mwaka huo ukuta wa Berlin ukafunguka.

China ilitunga sheria ya mwananchi kuishtaki serikali mwaka 1989, ikaanza kutumika 1 Oktoba 1990, na kesi zipo, nyingine wananchi wanashinda. Pamoja na hizo wana ofisi za barua na malalamiko kila ngazi. Mama akauliza tena, "Na hakimu wa kesi hiyo, anateuliwa na nani?" Nikamwambia rais wa mahakama huchaguliwa na bunge la ngazi ile ile ya serikali iliyoshtakiwa, na jina lake, kabla ya kufika bungeni, limepitia kamati ya chama ya pale pale.